Bluberi za mwituni kwenye ardhi ya Malindi: kwa nini miche inageuka manjano

Ndugu uliyeuliza kwa nini miche yako ya bluberi za mwituni inageuka manjano hapo Malindi ilhali unaimwagilia kila jioni: tatizo si maji, na samadi haitakusaidia. Nimeishi Maine, Marekani, na msimu wa Agosti nilikuwa nikivuna bluberi hizo kwa kibarua.

Ile ya Maine (Vaccinium angustifolium) haipandwi. Ilikuwepo chini ya misonobari; miti ilipokatwa, ikatanda yenyewe. Kichaka hakifiki goti. Unainama kutwa, unasukuma chombo chenye meno marefu kama kitana katikati ya vijiti, kisha unakiinua taratibu. Ukivuta kwa pupa unazoa majani na matunda mabichi, na msimamizi atakusema.

Mmea hasa uko chini. Mashina yake hutambaa sentimita chache tu ndani ya udongo yakichipua huku na kule, kwa hiyo unachodhani ni vichaka mia huenda ni mmea mmoja. Ndiyo maana shamba huchomwa moto au kufyekwa, nalo halifi: mwaka wa kwanza linachipua, wa pili linazaa. Wenyeji asilia, Wawabanaki, walikuwa wakichoma hivyo kabla Wazungu hawajafika.

Sasa udongo. Ule ni mchanga na changarawe zilizoachwa na barafu ya kale, mchachu, pH (kipimo cha uchachu; kadiri inavyoshuka chini ya 7 ndivyo uchachu unavyozidi) kati ya 4 na 5. Mizizi ni myembamba mno na haina vinyweleo. Kuvu wanaoishi ndani yake ndio huisaidia kupata chakula. Kwetu Malindi unachimba kidogo tu jembe linagonga tumbawe, ambalo ni chokaa. Chokaa hiyo huzuia mmea usipate madini ya chuma. Litazame jani changa: kama ni manjano na mishipa imebaki kijani, ndiyo hiyo. Siki ambayo mwenzetu mmoja alikushauri umwagie itamalizwa uchachu na chokaa mara moja, na maji ya kisima yataongeza nyingine.

Hata ukitumia pipa, udongo mchachu na maji ya mvua, bado mmea huo unadai takriban saa 1,000 za baridi chini ya nyuzi 7 za Selsiasi ndipo uchanue vizuri. Malindi utazipata wapi, ndani ya friji? Zinazolimwa bara, Nanyuki na Murang'a, ni aina nyingine, ndefu, zisizodai baridi hiyo.

Ukitaka tunda la kutia ulimi rangi, panda mzambarau. Na kama kiwanja chako ni tumbawe tupu, mkunazi hauna maringo.