Ukichora kejeli ikapendwa, jiandae kuibiwa

Kijana mmoja mchora katuni ameniandikia. Mchoro wake wa kuwasuta mashabiki wa matamasha umesambaa kila kona, jina lake limekatwa. Anauliza afanyeje.

Uchungu huo naujua. Nilichora foleni ya watu waliopendeza, wanasukumana kwenda kumshangilia mwanamuziki anayechezesha midomo tu juu ya wimbo uliorekodiwa. Gazeti moja likauchukua mchoro huo, likafuta saini yangu, wala sikupewa hata asante. Mpaka leo nikikutana na mchoro huo naumia.

Aliyenirudisha mezani ni William Hogarth, mchoraji na mchongaji picha wa London. Mwaka 1724, akiwa na miaka 26, alichonga kwenye bamba la shaba picha ya kuwasema watu wa mji wake, akaichapa na kuiuza mwenyewe. Upande mmoja shetani anaongoza umati kwenye dansi ya vinyago, na juu yao bango linaonyesha mabwana wakubwa wamepiga magoti, wanamsihi mwimbaji wa opera kutoka Italia apokee pauni 8,000. Upande wa pili watu wanabanana mlangoni kwenda kutazama pantomimu, mchezo wa kuigiza bila maneno, ya Faustus, yule wa hadithi aliyemuuzia shetani roho yake. Katikati mwanamke anasukuma toroli akinadi karatasi chakavu za kufungia bidhaa madukani. Sogea utazame hizo karatasi: ni tamthilia za Shakespeare, Dryden na Congreve, waandishi wakubwa wa Uingereza! Hakuna anayegeuka kumtazama. Hapo ndipo kejeli yote ilipo, na ndiyo maana nakuambia tafuta toroli lako, yaani kile cha thamani ambacho umati unakipita, kabla hujachora umati.

Picha ilipoanza tu kutoka, maduka yakauza nakala za wizi kwa nusu bei, zake halisi zikarudishwa. Hogarth hakuweka kalamu chini. Alichora, akauza, na baadaye yeye na wachongaji wenzake wakapeleka kilio chao Bungeni. Sheria ya 1735 ikampa mchongaji haki ya kazi yake kwa miaka 14, na mfululizo wake wa picha uitwao A Rake's Progress aliuzuia hadi sheria hiyo ianze kutumika.

Kwa hiyo, mdogo wangu, saini usiitupe pembeni. Iingize kwenye shati la mhusika, anayeikata aharibu picha nzima. Tunza faili za mwanzo zenye tarehe. Sajili kazi Ofisi ya Hakimiliki. Kwetu Tanzania ni COSOTA, Kenya ni KECOBO. Na acheni kulalamika vijiweni, wachoraji! Tafuta wenzako walioibiwa kama wewe, pelekeni malalamiko kwa pamoja, kwa maandishi, kila mmoja na mchoro wake mkononi.