Maswali ya Wasomaji: Chama Kipo, Wanachama Wako Wapi?

Safu hii hujibu maswali kuhusu uendeshaji wa vyama na jumuiya. Barua tatu za toleo hili zinahusu vyama vya kitaaluma vinavyoendeshwa na viongozi wanaojitolea. Tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni katibu wa chama cha wafasiri na wakalimani wanaojitegemea hapa Arusha. Tulikianzisha wakati Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilipokuwa ikielekea kufunga shughuli zake, na wenzetu waliokuwa wakiitegemea walipoanza kutafuta kazi kila mtu kivyake. Leo daftari lina majina zaidi ya mia moja, lakini wanaolipa ada hawafiki ishirini, na mkutano mkuu uliopita uliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano ufanyike. Akaunti yetu ya benki inahitaji saini mbili kati ya tatu. Mtia saini mmoja amefariki, mwingine amehamia Doha, kwa hiyo fedha zipo lakini hatuwezi kuzigusa. Kundi letu la WhatsApp limejaa salamu za asubuhi na michango ya misiba. Wajumbe wa kamati wanataka tuandike katiba mpya, tubadilishe jina na nembo, kisha tufanye uchaguzi. Vijana nao wanataka chama kipange bei ambayo mwanachama haruhusiwi kushuka chini yake. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu Katibu, pole kwa mzigo, na hongera kwa kuwa bado unaubeba. Nikujibu moja kwa moja: msianze na katiba. Katiba mpya itawamalizia mwaka mzima wa vikao, itahitaji mkutano mkuu wenye akidi, ambayo ndiyo hasa mnayoikosa, na baada ya yote hayo itabidi ipelekwe kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kabla hamjaweza kuitumia. Sijapata kusikia mfasiri aliyeacha kulipa ada kwa sababu nembo imepitwa na wakati. Wameacha kwa sababu walipokwama kazini hawakuona chama kingewasaidia nini, na hilo ndilo la kushughulikia kwanza.

Kaeni na daftari lenu, mgawane majina, kila mjumbe wa kamati achukue watu kumi au kumi na wawili, awapigie simu mmoja mmoja. Msitume fomu wala ujumbe wa jumla kwenye kundi, kwa maana mtu aliyekwisha kujitenga na chama hajazi fomu ya chama, lakini akipigiwa na mwenzake aliyewahi kukaa naye kibanda kimoja cha ukalimani atazungumza hata nusu saa. Maswali yawe matatu tu: kazi yako ya mwisho uliipata kwa njia gani, ilikukwamisha wapi, na ulipokwama ulimpigia nani? Swali la tatu ndilo kipimo. Ikiwa karibu wote watakujibu kwamba walimpigia mwenzao fulani, mara nyingi jina lile lile, basi mjue kwamba mtu huyo ndiye anayefanya kazi ya chama kwa sasa, na mkamwombe awasaidie, hata kama hajalipa ada kwa miaka kadhaa.

Kwa ninavyoijua kazi yenu, majibu hayatatofautiana sana. Mkalimani anaitwa peke yake kwenye semina ya siku nzima, ilhali ukalimani wa papo kwa papo, ambao mkalimani hutafsiri huku msemaji akiendelea kusema, hufanywa na watu wawili wanaopokezana kila baada ya nusu saa hivi. Hotuba inamfikia saa nne usiku na mkutano unaanza saa mbili asubuhi. Semina inafutwa siku moja kabla, wakati yeye amekwisha kukataa kazi nyingine mbili kwa ajili yake. Sauti yake inarekodiwa na kurushwa mtandaoni bila kuulizwa. Na kwenye barua ya kazi, ikiwa barua ipo, wakala amechomeka mstari usemao kwamba malipo yatafanyika mteja atakapomlipa wakala, bila tarehe, na miezi inapita. Mambo yote haya yanaweza kushughulikiwa na chama kisicho na fedha, kwa sababu dawa yake kubwa ni karatasi: mkataba wa mfano, wenye kurasa mbili au tatu, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, ambao mwanachama yeyote anaweza kuujaza na kumpelekea mteja. Mkataba huo useme idadi ya wakalimani kwa kila lugha, siku ya mwisho ya kukabidhiwa nyaraka, fidia ya kazi iliyofutwa, masharti ya kurekodi sauti, na idadi ya siku za kulipa baada ya ankara kupokelewa, awe mteja amelipa au hajalipa.

Msidhani kuwa mtakuwa mnadai makuu. Tarehe 22 Novemba 1976, Mkutano Mkuu wa UNESCO uliokuwa ukifanyika Nairobi ulipitisha Pendekezo kuhusu ulinzi wa kisheria wa wafasiri na tafsiri, ambalo linazitaka nchi kuhimiza mikataba ya maandishi, malipo ya haki, muda wa kutosha wa kazi, na uanzishwaji wa vyama vya wafasiri vitakavyotetea maslahi yao. Waraka huo ulipitishwa jirani kabisa na kwenu, na naona ajabu kwamba vyama vyetu vinautaja kwa nadra. Utieni katika barua mtakayoambatanisha na mkataba wa mfano. Wakati nao unawaruhusu. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukafuata Februari 2022, na Arusha yenyewe ndiyo makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kazi hazijapungua. Chama chenu kimesinyaa wakati soko linapanuka, na hiyo ni dalili kwamba tatizo liko katika huduma.

Kuhusu bei ya chini, nawaomba mwende taratibu. Najua vijana wanalitaka jambo hili kwa nia njema, na najua wanavyoumia wanapoona kazi ya siku mbili ikichukuliwa kwa nauli na chakula cha mchana. Hata hivyo, nyinyi mnaojitegemea ni washindani mbele ya sheria, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei. Wenzenu wakubwa wamekwisha kuyaona hayo: chama cha kimataifa cha wakalimani wa mikutano, AIIC, kilichoanzishwa mwaka 1953, kilikuwa na viwango vya malipo kwa wanachama wake, na mwaka 1997 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikakikataza kuvipanga nchini humo. Chama hakikufa kwa sababu hiyo. Kiliendelea kujijengea heshima kwa masharti ya kazi na kwa ubora wa wanachama. Mnachoweza kufanya ni kumfundisha kila mwanachama kukokotoa bei yake mwenyewe, akihesabu siku za kujiandaa, usafiri, intaneti, kodi, na majuma asiyopata kazi. Kijana anayeona kwa kalamu yake mwenyewe kwamba siku moja ya mkutano inamgharimu siku tatu za kazi hatahitaji katazo la chama ili aache kujiuza rahisi.

Suala la benki lisisubiri hata juma moja. Nendeni tawini mkaombe orodha ya vielelezo wanavyovihitaji, kwa maana benki hutofautiana. Kwa kawaida watataka muhtasari wa kikao kilichoteua watia saini wapya, cheti cha kifo cha marehemu, barua ya kujiuzulu ya yule aliyeko Doha, na nakala ya cheti cha usajili. Mkiwa katika shughuli hiyo, hakikisheni pia kwamba ada za Msajili zimelipwa na kwamba majina ya viongozi yaliyoko kwake ndiyo yaliyo ofisini. Vyama vingi hugundua siku ya kuomba zabuni kwamba kwenye jalada la serikali mwenyekiti wao bado ni mtu aliyestaafu zamani.

Sasa niguse jambo ambalo hukuniuliza. Barua yako inaonyesha kwamba wewe ndiye unayeandika mihtasari, unayekumbusha ada, unayejibu simu za wateja na unayesimamia kundi la WhatsApp. Ukiugua leo, chama kimelala. Kosa la vyama vya kujitolea ni kumtafuta mtu wa kushika wadhifa, wakati watu wenye familia na kazi zao wako tayari kushika shughuli yenye mwanzo na mwisho. Usimwombe mfasiri kijana awe mjumbe wa kamati tendaji kwa miaka mitatu. Mwombe yeye na wenzake wawili waandae mkataba wa mfano kwa majuma sita, wauwasilishe, wapigiwe makofi, wapumzike. Mwingine ashike orodha ya wanachama itakayoonyeshwa kwa wateja, ikiwa na lugha na fani za kila mmoja. Huyo akumbushwe kwamba tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, namba ya simu ya mtu haiwekwi hadharani bila ridhaa yake, kwa hiyo ridhaa ipatikane kwa maandishi. Misiba na salamu zihamishiwe kwenye kundi jingine la WhatsApp, nalo liheshimiwe, kwa sababu kuzikana ni sehemu ya umoja wetu. Lakini tangazo la kazi lisitafutwe kati ya rambirambi.

Madeni ya ada, kwa maoni yangu, yafutwe yote, kila mtu aanze na ada ya mwaka huu, ilipwe kwa simu moja kwa moja kwenye akaunti ya chama na si kwa namba ya mhazina. Najua waaminifu wenu watanung'unika kwamba wazembe wamezawadiwa. Wapeni wao mafunzo ya kwanza bila malipo, muwasomee hesabu za chama zilizoandikwa kwenye ukurasa mmoja, na manung'uniko yatapungua. Kisha, huduma mbili hizi, yaani mkataba na orodha, zikiwa zimetumika kwa miezi kadhaa, itisheni mkutano mkuu. Katiba ikiguswa siku hiyo, iguswe vifungu viwili: kinachohesabu akidi kwa wanachama waliolipa tu, na kinachoruhusu kuhudhuria kwa njia ya mtandao. Jina na nembo vibaki vilivyo.

SWALI: Bwana Mshauri, chama chetu cha waongoza watalii hapa Mombasa kimekuwa kikiendeshwa kwa kujitolea. Katibu wetu anasema amechoka na anataka alipwe kila mwezi. Wengine wanasema akilipwa yeye, kesho mwenyekiti naye atadai. Tufanyeje?

JIBU: Wote wana haki kidogo. Tenganisheni uongozi na kazi za ofisi. Uongozi, yaani kuamua, kusimamia na kuwakilisha, uendelee kuwa wa kujitolea, na gharama halisi za nauli na simu zirudishwe kwa risiti. Kazi za ofisi, kama kuweka daftari, kutoa stakabadhi za ada na kuandaa taarifa ya kila mwaka inayopelekwa kwa Msajili wa Vyama chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, zinaweza kulipiwa, lakini zilipwe kwa mtu aliyepewa orodha ya shughuli na saa za kufanya, hata ikiwa ni nusu siku mara mbili kwa wiki. Katibu wenu akiitaka kazi hiyo, aiombe kama waombaji wengine, na akiipata aache kupiga kura kwenye kamati inayomlipa. Pangeni malipo kwa kutazama ada zilizokusanywa mwaka uliopita. Ada mnazozitumaini msizihesabu, hasa katika kazi kama yenu, ambayo kati ya Aprili na Juni hoteli za pwani huwa tupu.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, chama chetu cha wataalamu wa mifugo, mkoani Morogoro, kina mwenyekiti mmoja tangu kuanzishwa. Ni mwalimu wetu, alitufundisha wengi, nasi tunamheshimu kama baba. Lakini shughuli zimesimama, na hakuna anayethubutu kugombea dhidi yake. Tumwambieje bila kumvunjia heshima?

JIBU: Msimwambie mkutanoni. Chagueni watu wawili, mmoja wa rika lake na mmoja kati ya wanafunzi wake wa zamani, waende nyumbani kwake miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, wamwambie kwa uwazi kwamba chama kinataka kumpokea kijiti angali na nguvu za kuwaelekeza watakaomfuata. Wengi wa wazee hawa, kwa niliowaona, wamechoka kuliko tunavyodhani. Wanabaki kwa sababu hakuna aliyewauliza, na kwa sababu wanahofu kwamba wakiondoka hakuna atakayejua jalada fulani liko wapi. Muulizeni ni mambo gani angependa kuyakabidhi na kwa nani, mkayaandike mbele yake: hati za usajili, mihuri, majina ya maofisa wa wizara anaofahamiana nao, na makubaliano ambayo hayakuwahi kuandikwa popote.

Mkitaka kumfanya mlezi wa chama, fanyeni hivyo kwa moyo mkunjufu, lakini semeni tangu siku ya kwanza kwamba mlezi hushauri anapoombwa, hatii saini kwenye hundi, na hahudhurii vikao vya kamati bila kualikwa. Mpeni siku moja kila mwaka ya kuwafundisha wanachama wapya, ambayo ndiyo kazi aliyoipenda tangu mwanzo. Makabidhiano yawe na orodha iliyotiwa saini na pande zote mbili, na neno la siri la barua pepe ya chama libadilishwe siku hiyo hiyo.