Kreatini imepanda baada ya kuanza losatani: aache dawa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, ana kisukari na presha. Kituo cha afya walimpima kreatini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja) ikatoka 140, wakamwanzishia losatani, dawa ya presha. Wiki mbili baadaye imefika 160. Jirani kamwambia dawa ndiyo inayomla figo, naye ameiacha. Amekosea? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Amekosea, ila linarekebishika. Losatani hulegeza kimshipa kinachotoa damu kwenye chujio la figo. Msukumo humo ndani hushuka, protini inayovuja kwenye mkojo hupungua, na kreatini hupanda kidogo. Dawa inafanya kazi yake. Kutoka 140 hadi 160 ni ongezeko la asilimia 14 tu. Tunashtuka likizidi asilimia 30, kwake yeye ni kuvuka 182.

Kipimo ambacho hukunitajia ni potasiamu, madini ya damu ambayo losatani inaweza kuyapandisha. Arudi kituoni waipime. Kama haizidi 5, arudishiwe losatani na vipimo virudiwe baada ya wiki 2. Ikizidi 5, daktari aamue kwanza. Ikifika 6, ni hospitali siku hiyohiyo. Na zile chumvi za "wagonjwa wa presha" asizitumie: nyingi zina potasiamu nyingi.

Sasa niulize mimi: magoti yakimuuma anameza nini? Diklofenaki na ibuprofeni hubana kimshipa kinachoingiza damu, wakati losatani imelegeza cha kutokea. Akiwa pia na dawa ya kukojoza, chujio hubaki bila msukumo na figo zinaweza kugoma ghafla. Hapo ndipo jirani angekuwa na la kusema. Atumie parasetamoli.

Kreatini ya 160 kwa mwanamke wa umri wake ni uchujaji wa figo wa mililita 32 hivi kwa dakika. Kama anatumia metformini ya kisukari, isizidi miligramu 1000 kwa siku, na ikisimamishwa uchujaji ukishuka chini ya 30, asishangae. Hapo pia apewe rufaa kwa bingwa wa figo.

Akiharisha au kutapika sana, asimamishe losatani, metformini na ya kukojoza mpaka ale na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili, kisha azirudie. Wengi husahau kuzirudia.

Ugonjwa sugu wa figo hauthibitishwi kwa kipimo cha wiki mbili. Kreatini irudiwe ikitimia miezi 3, pamoja na albumini (ile protini inayovuja) ya mkojo wa asubuhi.