Asha la Kihindi na Asha la kwetu

Kama unataka kumpa mtoto jina Asha na unajiuliza kama Asha la Kihindi na Asha la kwetu ni jina moja, hapana, yamegongana tu kwa sauti. Asha la Wahindi linatoka Kisanskriti, lugha ya kale ya India, neno āśā, maana yake tumaini au matamanio, na mpaka leo ukiwa Delhi au Mumbai neno asha watu wanalitumia kila siku kumaanisha matumaini, ndo maana kinyume chake ni nirasha, yaani kukata tamaa, ile nir- mbele inaondoa kitu. Yule mwimbaji wa India, Asha Bhosle, jina lake ndo hilo. Asha wetu wa pwani ni Aisha wa Kiarabu, mke wa Mtume, mzizi wake ni kuishi, kwa hiyo maana ni aliye hai. Mi nimesoma Kihindi kidogo na hili neno unakutana nalo mapema sana. Ila angalia, mitandaoni kuna wanaoandika Asha ni "ukweli", hiyo ni Asha ya tatu, ya Kiavesta, lugha ya maandiko ya Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, haihusiani na hizi mbili. Mpe mtoto bila wasiwasi, tumaini na uhai vyote vinapendeza.