Usiuze pikipiki ulipie kozi ya udukuzi (jibu kwa kijana wa Arua)

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: uuze pikipiki ulipie kozi ya udukuzi Kampala, je, bila digrii utaajiriwa, na je, ni lazima uhamie mjini. Mimi ni mhandisi wa usalama wa mifumo kwenye kampuni moja ya fedha hapa Kampala. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kampuni ya intaneti, kazi ya kupanda minara na kuvuta nyaya. Swali lako naletewa inboksi kila mara, kwa hiyo leo nalijibu kwa urefu.

Pikipiki usiuze. Hizo kozi zenye tangazo la mtu aliyejifunika kofia mbele ya skrini ya kijani, nyingi zinakufundisha kubonyeza. Unaendesha Nmap, programu ya kukagua mtandao, unaona bandari zilizo wazi, yaani milango ambayo kompyuta inapokelea mawasiliano, unapiga picha ya skrini, unapewa cheti. Nimeshakaa upande wa wanaosaili. Mtu anakuja na cheti kama hicho, unamuuliza bandari ya 445 inafanya nini na kwa nini isiachwe wazi kwa intaneti, anatazama dari. Ni bandari ya kushirikishana mafaili kwenye Windows, na WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia, kilipita humo mwaka 2017 kikasambaa dunia nzima. Anayeendesha seva za ofisi hahitaji kozi ya udukuzi kulijua hilo.

Watu hawaelezwi kwamba uhandisi wa usalama ni kazi ya kujenga na kutunza. Sehemu kubwa ya wiki yangu inaishia kwenye mambo yasiyo na mvuto: kufunga akaunti za walioacha kazi, kusukuma masasisho kwenye seva, kupitia sheria za ukuta wa moto (firewall, kichujio cha mawasiliano ya mtandao) ambazo hakuna anayekumbuka nani aliziweka.

Nikupe mfano mmoja uone. Programu ya simu ya mteja ikitaka kuonyesha salio, inatuma ombi kwa seva: nipe akaunti namba 10452. Kwenye mazingira ya majaribio unalikamata ombi hilo kwa Burp Suite, programu ya kunasa na kubadilisha maombi, unabadilisha 2 ya mwisho iwe 3, unaliachia liende. Linarudi jina la mtu mwingine, salio lake na namba yake ya simu. Hakuna nywila iliyovunjwa hapo. Seva ilihakikisha kwamba umeingia, ila haikuuliza hiyo akaunti ni ya nani. OWASP, taasisi ya usalama wa programu za mtandaoni, walipotoa orodha yao ya udhaifu hatari ya mwaka 2021, udhaifu wa jamii hii ndio waliouweka namba moja. Mdukuzi wa YouTube anaishia hapo na kushangilia. Mhandisi ndiyo kwanza anaanza: atafute njia nyingine zote zenye tundu lilelile, ukaguzi wa umiliki uwekwe sehemu moja ambayo kila ombi linapita, liandikwe jaribio la kujiendesha ili kosa lisirudi toleo lijalo, kengele ilie mtumiaji mmoja akiomba akaunti nyingi ndani ya dakika moja. Halafu amshawishi mtengenezaji programu, Ijumaa jioni, kwamba bidhaa yake haitoki Jumatatu. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na sijaona kozi inayolifundisha.

Na hapa Uganda lazima uielewe pesa ya simu. MTN waliianzisha 2009 na sasa karibu kila kitu kinapita humo, karo, mshahara wa kibarua, hata sadaka. Oktoba 2020 MTN, Airtel na benki ya Stanbic walitoa taarifa ya pamoja kwamba kumetokea tatizo kwa mtoa huduma wa kati, na miamala ya benki kwenda kwenye simu ikasimamishwa. Angalia palipopasuka: kwenye kiungo, kati ya kampuni na kampuni. Novemba 2024 tena, serikali ilikiri bungeni kwamba fedha zimechotwa kwenye akaunti iliyoko Benki Kuu, na mitandaoni kila mtu akasema ni wadukuzi wa ng'ambo. Mwaka uliofuata waliopandishwa kizimbani walikuwa maofisa wa wizara ya fedha. Kesi ni ya mahakama, siihukumu. Ila ukiniuliza wapi pa kuwekeza akili yako, nitakwambia viunganishi vya API, yaani njia ambazo mfumo mmoja unazungumza na mwingine, na swali la nani ana ruhusa ya kufanya nini.

Sasa njia. Umesema una diploma, laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8, na bando la kuhesabu. Inatosha. Pakua Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza mitandao, mara moja tu, ujifunze mitandao bila kuwa na ruta hata moja: anwani za IP, VLAN (kugawa mtandao mmoja vipande), DNS (kugeuza jina la tovuti kuwa anwani). Kwa Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, cheza Bandit ya OverTheWire, mchezo wa mtandaoni wa kujifunza amri. Ni bure, na kwa kuwa unaunganishwa kwa SSH, njia ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa maandishi matupu, inakula bando kidogo mno, ukilinganisha na video. Baadaye hamia Web Security Academy ya PortSwigger, mafunzo ya usalama wa tovuti, nayo ni bure. Mfano wa akaunti niliokupa utaukuta humo. Ukishazoea, weka VirtualBox, programu ya kuunda kompyuta ndani ya kompyuta, jenga seva mbili ndogo, uzilinde, kisha usome kumbukumbu zake (logs) uone nani anagonga mlango. Umeme ukikatika, shika daftari uchore mtandao wako kwa kichwa. Sitanii, ndivyo nilivyoielewa subneti, ule mgawanyo wa anwani za mtandao.

Vyeti vipo vya maana. Security+ ya CompTIA ni mwanzo mzuri lakini mtihani wake unauzwa zaidi ya dola 400, yaani karibu milioni moja na nusu ya kwetu, kwa hiyo subiri mwajiri akulipie. ISC2, shirika jingine la vyeti, wana kile cha wanaoanza, CC, ambacho wamewahi kutoa mafunzo na mtihani wake bure. Ukifaulu kuna ada ya mwaka. CISSP, cheti chao cha ngazi ya juu, achana nayo kwa sasa, inadai miaka 5 ya kazi. Digrii ya Makerere itakufungulia milango ya benki kubwa na serikali, sikudanganyi, lakini inaweza kuja baadaye, ukisoma jioni huku unalipwa.

Onyo moja zito. Usijaribu mfumo wa mtu bila ruhusa ya maandishi. Hata kama nia yako ni kuwasaidia. Hata kama ni tovuti ya SACCO ya mjomba. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ipo tangu 2011, ikakazwa 2022, na kuingia bila idhini ni kosa la jinai. Kuna vijana wazuri wamejiharibia hapo.

Kuhamia Kampala? Bado. Arua kuna hospitali, SACCO, vyuo, na mashirika yanayohudumia wakimbizi. Yote yana kompyuta na karibu hakuna anayezitazama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili na wazilinde, na wengi hawajui waanzie wapi. Omba kazi ya kawaida ya IT kwao, hata ya kurekebisha printa. Ukiwa ndani, omba kwa maandishi uorodheshe akaunti zote na uonyeshe zipi ni za watu walioondoka. Hiyo pekee ni kazi ya usalama, tena inaandikika kwenye CV.

Na jifunze kuandika ripoti. OSCP, mtihani wa vitendo wa udukuzi halali wanaouogopa wote, unakupa saa 23 na dakika 45 za kushambulia, kisha saa 24 nyingine za kuandika, na ripoti mbovu inakuangusha. Bosi wa SACCO hatasoma kurasa 20. Mwandikie hivi: "Wafanyakazi walioacha kazi bado wanaweza kuingia kwenye mfumo wa mikopo. Mmoja wao ana uwezo wa kuidhinisha malipo. Naomba kibali nizifunge akaunti hizo leo kabla ya saa kumi." Kisha weka orodha ya majina chini, na sehemu ya yeye kutia saini.