Hamsta Si Mvivu, Nyumba Yake Ndiyo Ndogo

Mhariri, mmeuliza wiki hii: mnyama unayemfuga ndani ya nyumba unamfanyisha vipi mazoezi? Najua wengi watawaandikia habari za mbwa na mnyororo wake. Mimi nitasema juu ya hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, maana hapa kwetu Nakuru watoto wameanza kuwaomba wazazi, wazazi wananunua, na haupiti muda kabla sijasikia lalamiko lile lile: "Huyu kazi yake ni kula na kulala." Majirani nao wana lao la kucheka. Mtu anategea panya sumu jikoni, halafu sebuleni anamnunulia mwingine alizeti!

Hamsta hafanyishwi mazoezi. Hukimbia mwenyewe, mradi apewe nafasi na aachiwe saa zake. Huyu ni mnyama wa usiku. Wale wakubwa wa rangi ya dhahabu asili yao ni Syria, kandokando ya Aleppo, na karibu wote wanaofugwa majumbani duniani wametokana na familia moja iliyochimbuliwa shimoni huko mwaka 1930. Wazee wake waliishi kwa kuzurura wakiokota nafaka, wakizijaza mashavuni na kuzirudisha shimoni. Sasa mtoto anatoka shule saa kumi jioni, anagonga kizimba ili mnyama "acheze". Akiumwa kidole asilie. Amemkatiza mwenzake usingizi. Mngojeeni hadi saa mbili au saa tatu usiku, taa zipunguzwe na televisheni inyamaze. Akiwa na gurudumu la kufaa la kukimbilia ndani yake, anaweza kukata kilomita kadhaa kabla hakujapambazuka.

Hapo kwenye gurudumu ndipo watu wengi wanapokwama. Yale yanayokuja pamoja na kizimba mara nyingi ni madogo mno. Mwangalie anapokimbia: mgongo ukipinda kwenda nyuma na kichwa kikielekea juu, hilo si lake, na akilikataa ana akili kuliko aliyelinunua. Hamsta wa aina kubwa anahitaji gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 28 hivi, yaani kutoka ukingo hadi ukingo. Wa aina ndogo wanaweza kutosheka na 20. Sehemu ya kukimbilia iwe bapa, isiyo na mianya. Yale ya vijiti kama ngazi hunasa mguu, na mguu mwembamba vile huvunjika mara moja.

Langu nilitengenezewa na fundi wa jua kali. Nilimpelekea ndoo kubwa ya mafuta ya kupikia (si ya rangi, tafadhali), akaikata akabakiza kitako chenye kina cha sentimita 10 au zaidi kidogo. Alitoboa katikati kabisa, akakaza beringi ndogo, akakisimamisha kwenye ubao mzito usioyumba. "Mama, hii ni mashine ya kusaga nini?" aliniuliza, na nilipomweleza aliacha kazi akacheka kwanza. Kingo zipigwe msasa hadi kidole kipite bila kukwaruzwa. Ndani, kwa kuwa plastiki inateleza, alichora mistari ya juujuu kwa chuma cha moto. Beringi ndiyo siri ya yote: lile la awali lililozunguka kwenye msumari lilikuwa likilia usiku kucha na kila mtu ndani ya nyumba alitaka litolewe. Ukitaka kujua kama linatumika, nyunyiza unga kidogo wa mahindi ndani yake jioni. Asubuhi utakuta nyayo, na unga mwingine umetupwa hadi nje ya kizimba.

Lakini kukimbia si zoezi lake pekee. Huyu ni mchimbaji, na sakafu yenye maranda ya kufunika kucha tu haichimbiki. Jaza hadi sentimita 20 au zaidi, changanya na nyasi kavu za boma rhodes kutoka duka la agroveti ili mashimo yasiporomoke. Maranda yasiwe na vumbi, wala yasiwe ya mbao zenye harufu kali kama mtarakwa, kwa sababu harufu hiyo humdhuru kifua. Bakuli la chakula nalo liondoe siku nyingi. Tawanya nafaka, nyingine zifukie, umwache atafute. Alizeti na njugu zimnunulie tabia njema tu, punje moja moja mkononi, maana hizo ndizo zinazomnenepesha.

Ule mpira wa plastiki ambao hamsta hufungiwa ndani akibingirika sebuleni, mimi ningeutupa. Hana njia ya kutoka akichoka, hewa ni haba, na kila akigonga mguu wa meza anayeumia ni yeye. Afadhali uzungushie katoni kwenye kona, uketi humo na mtoto, mlango umefungwa, nyaya za umeme zimeinuliwa, na paka yuko nje.

Baridi nayo huleta huo "uvivu". Mji wetu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai kizimba kilicho chini ya dirisha hupoa sana. Hamsta aliyepigwa na baridi kali huweza kuzimika kama mfu. Usimzike, mpashe joto polepole mikononi. Ndugu zetu wa Kisumu wana shida ya upande wa pili: joto la mchana. Wao wamweke penye kivuli na upepo, mbali na bati.

Akishapita mwaka mmoja na nusu atapunguza mwendo, kwani maisha yake yote ni miaka miwili au mitatu. Huo ni uzee, mwache. Ila aliyekuwa akikimbia vizuri akaacha ghafla, akajikunja, manyoya yamesimama au nyuma kumelowa, huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Daktari akikwambia yeye ni wa ng'ombe na kuku, muulize ni mwenzake gani hutibu sungura, uende huko.

Msomaji, Nakuru