Kutoa maoni kuhusu filamu bila kuwaharibia wengine uhondo

Ndugu, umeuliza namna ya kueleza maoni yako kuhusu filamu uliyoitazama juzi bila kuwaharibia uhondo wale ambao hawajaiona. Ushauri wangu ni kwamba usisimulie mkasa wenyewe, bali ueleze jinsi ulivyosimuliwa: kwa mfano, kwamba kamera iling'ang'ania uso wa mama aliyekuwa akisoma barua, muziki ukanyamaza, na watazamaji wakaielewa habari kabla hajatamka neno. Maelezo ya namna hiyo yana uzito kuliko kusema tu kwamba filamu ni kali. Mwongozaji Alfred Hitchcock alipoitoa filamu yake ya kutisha, Psycho, mwaka 1960, alitaka majumba ya sinema yasimwingize mtu aliyechelewa, ili uhondo wake usiharibike, nami sidhani kwamba alizidisha. Ikikulazimu kuutaja mwisho, toa tahadhari katika sentensi ya kwanza kabisa.